Jina la Aliyeondoka

Kengele ilikatika ulimi asubuhi, watu wakiwa mezani wanakunywa chai. Wilf Wenderby aliitikisa tu kuondoa vumbi, kile chuma cha ndani kikachomoka, kikaanguka sakafuni na kubingirika mpaka chini ya jiko. Nora, mkewe, akacheka. Wilf hakucheka. Mama yake, Bi Keziah, aliweka kikombe chini akamtazama mwanawe.

"Ipeleke kwa mhunzi leo leo."

"Mama, na theluji yote hii?"

"Leo leo, Wilf."

Nora akadakia, "Jamani, si kengele tu hiyo! Sisi kwetu Grimsby tuliitwa kwa mdomo. Mama yangu akifungua kinywa, mpaka wavuvi walioko bandarini wanakumbuka kwenda kwao."

"Kwenu Grimsby kuna samaki," Bi Keziah akamjibu. "Hapa kuna mengine."

Haya yote nimeyapata kwa Tilly, binti yao, niliyefanya naye kazi wodi moja kule Nottingham miaka mingi. Naye aliyapata kwa mama yake, kidogo kidogo, maana mama mwenyewe alikuwa hawezi kuyamaliza bila kulia. Sijaongeza chumvi. Ningependa niseme ni uongo, ningelala vizuri zaidi.

Shamba lao lilikuwa la kondoo, kwenye vilima vya Lincolnshire, Uingereza. Nyuma ya nyumba kulikuwa na malisho yanayopanda mlima, na kule juu ardhi ilikuwa na matuta ya ajabu, yamepangika, yameota nyasi. Hapo ndipo kilipokuwa kijiji cha Wenderby. Tauni ilikifagia karne nyingi zilizopita, hakikujengwa tena. Limebaki jina, na jina lenyewe limebaki kwa ukoo mmoja tu.

Na ukoo huo ulikuwa na mwiko wake. Katika nchi nzima ya Waingereza, jioni ikifika mama husimama mlangoni akamwita mtoto aje kula. Kwa akina Wenderby hakuna aliyeita. Walipiga kengele. Mtoto hakuitwa kwa sauti akiwa mlimani, hata kama anang'atwa na mbwa. Nora alipoolewa aliambiwa hivyo siku ya kwanza, akasema sawa, na moyoni akasema hawa wana wazimu. Mdharau mwiba, wahenga walisema, mguu huota tende.

Wilf akaondoka na kengele yake mfukoni. Mlangoni akageuka. "Nora, mtoto asitoke mpaka nirudi nayo."

"Haya, bwana mkubwa."

Bi Keziah alikuwa na kifua, akarudi kulala ghorofani. Nora akabaki jikoni na binti yake wa miaka saba na unga wake. Sukari ilikuwa bado ya mgao, vita vimeisha lakini shida hazijaambiwa, na yeye alikuwa ameiweka akiba ili amtengenezee Tilly keki ya siku ya kuzaliwa. Alitaka isiungue. Akainamia jiko. Alipoinuka, mabuti ya Tilly hayakuwepo mlangoni.

Hakuogopa. Kwa nini aogope? Theluji mpya, mtoto kaenda kuteleza. Alimwona kupitia dirishani, nukta ndogo yenye koti jekundu, anapanda tuta na kuteleza, anapanda na kuteleza. Nora akatabasamu, akarudi kwenye keki yake.

Mchana wa majira ya baridi huko ni mfupi. Ukikaa chini kumenya viazi, ukiinuka mwanga umeshafifia. Nora alikata mkate, akaupaka mafuta ya nyama yaliyoganda, Tilly alivyopenda, akafungua mlango wa nyuma.

"Tilly!"

Kimya.

"Tilly, chai tayari!"

Kimya. Koti jekundu halikuonekana. Baridi ikaingia jikoni, na keki ikaanza kunuka kuungua, na hapo Nora akapandwa na hasira. Mama wa Kiingereza akikasirika ana dawa yake moja. Humwita mtoto kwa jina lake lote, la kwanza mpaka la ukoo, na mtoto akilisikia hujua leo kimenuka. Tilly kwa kirefu ni Matilda.

"Matilda Wenderby! Njoo nyumbani sasa hivi!"

Ghorofani kikasikika kishindo, kama mtu aliyeanguka kutoka kitandani.

Mlimani hapakurudi mwangwi. Kisha mtoto akatokea kati ya matuta, akaanza kuteremka. Alikuja taratibu, mikono ikining'inia. Nora akamtazama mpaka alipofika getini. Hakuwa na koti. Hakuwa na mabuti. Alikuwa amevaa kigauni cha kitambaa kizito cha rangi ya udongo, na miguu yake ilikuwa mitupu kwenye theluji.

"Yesu wangu, nguo zako ziko wapi?" Nora alimkimbilia, akamshika mkono. Mkono ule ulikuwa wa baridi, baridi ya jiwe la kisimani. Akamvuta mpaka jikoni, akamweka karibu na jiko, akamgeuza uso kwenye taa.

Alikuwa na macho ya Tilly, pua ya Tilly, na ule mwanya wa meno. Lakini Tilly hakuwa na kovu shavuni.

Mtoto akamtazama. Halafu akasema, kwa sauti iliyokauka, "Umekawia kuniita."

Nora aliachia mkono.

Mtoto akaona mkate mezani. Akauchukua kwa mikono yote miwili na kuula huku akitetemeka, bila kutafuna sawasawa, akiutazama mlango. Upepo ulipousukuma ukajifunga, alipiga ukelele. Ukelele mmoja tu, akaenda kuukwangua kwa kucha.

"Usifunge! Usifunge! Baba, usifunge!"

Nora akaufungua haraka. Na mlango ulipofunguka, akasikia sauti kutoka mlimani. Ilikuwa ya mbali. Ilitoka chini, kama mtu aliye ndani ya pishi.

"Mama? Mbona huniiti?"

Ilikuwa sauti ya Tilly.

Alikimbia. Alipanda mlima na viatu vya ndani, akateleza, akaamka. Juu alikuta alama za mtelezo na koti jekundu limelala kwenye theluji, vifungo vyote vimefungwa. Mabuti yalikuwa kando, yamesimama wima. Mtu hakuwepo. Akaita mpaka koo likakauka, Tilly, Tilly, na chini ya miguu yake sauti ikajibu kila mara, "Niko hapa, Mama," na theluji haikutikisika.

Aliporudi, Bi Keziah alikuwa jikoni, kakaa sakafuni na nguo za kulalia, mgongo ukutani. Mtoto yule alikuwa amejikunja pembeni mwa jiko. Mama mkwe hakumtazama mtoto. Alimtazama Nora.

"Umemwita kwa jina la ukoo."

"Mama, Tilly yuko wapi? Huyu ni nani?"

"Punguza sauti. Anasikia." Bi Keziah alilamba midomo. "Nora, jina letu umelipata kwa ndoa, hukuliuliza limetoka wapi. Smith alikuwa mhunzi. Shepherd alikuwa mchunga kondoo. Sisi tumeitwa kwa mahali. Sasa fikiri, mwanangu. Watu wakikaa Wenderby wote, nani atamwita mwenzake Wenderby? Haina maana. Jina la mahali anapewa aliyepahama. Anafika ugenini, wanamuuliza katoka wapi, wanamwita hivyo."

"Sitaki historia, nataka mwanangu!"

"Ndiyo hiyo historia iliyomchukua mwanao." Mwanamke mzee alianza kulia bila sauti. "Aliondoka mmoja. Tauni ilipoingia, mkewe alishakufa, mtoto ana homa. Akamwambia, kaa humu ndani, ungoje, nitarudi nitakuita. Akaupigilia mlango misumari kwa nje. Akaenda zake mabondeni, akaoa tena, akazaa. Watu wakamwita wa Wenderby. Sisi sote ni wa huyo. Na mtoto bado anangoja aitwe."

Pembeni mwa jiko mtoto alikuwa akilamba vidole.

"Anayelibeba jina akimwita mtoto wake kule juu kwa jina hilo, hutoka huyu," Bi Keziah akanong'ona. "Na nafasi yake haikai tupu."

"Tunafanyaje basi?"

"Wilf alikuwa na dada. Dorcas."

Nora alikuwa amesikia kwamba Dorcas alikufa kwa homa ya mapafu.

"Nilimwita siku ya upepo, kengele sikuwa nayo karibu. Akaja huyu. Huyu huyu. Mama mkwe wangu akaniambia cha kufanya na sikuweza, Nora. Nilimwonea huruma. Alikuwa na baridi. Nikampa uji, nikampakata, nikamwimbia mpaka nikasinzia. Kulipokucha mikono yangu ilikuwa mitupu, na sauti ya Dorcas kule juu imenyamaza. Kaburi lake lile unalolipalilia halina mtu."

"Cha kufanya ni kipi?"

"Arudi kabla hakujaingia giza. Na harudi kwa kuburutwa." Bi Keziah akamshika Nora kifundo cha mguu. "Anarudi kwa kuahidiwa."

Nora alielewa. Alielewa yote, na akatamani angekuwa mjinga.

Akachukua shali ya kijivu ya mama mkwe kutoka kwenye msumari, ile aliyoifuma kwa sufu ya kondoo wao, akamfunika mtoto mabegani. Akaongeza kipande kingine cha mkate. Akanyoosha mkono.

"Njoo, tutembee kidogo."

Mtoto aliushika bila kuuliza. Hilo ndilo ambalo Nora hakuweza kulisema baadaye bila kushika uso. Hakuuliza wanakwenda wapi. Alikuwa ameshaitwa, ameshakula, alikuwa na mtu wa kumshika mkono, akapanda mlima akirukaruka.

"Unaitwa nani?" Nora aliuliza.

"Cecily."

"Cecily nani?"

Mtoto akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Cecily tu. Mimi ni wa hapa."

Walifika kwenye matuta. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo sana upande wa magharibi. Mtoto alipoona tuta la mwisho, lile lililobonyea katikati, miguu yake ikasita. Mkono ukabana.

"Sitaki kuingia tena. Mna giza."

"Kidogo tu."

"Baba naye alisema kidogo tu."

Kutoka chini Tilly akaita tena. Safari hii sauti ilikuwa nyembamba. "Mama, nasikia baridi."

Nora akapiga magoti kwenye theluji. Akamfunga yule mtoto shali vizuri kifuani, fundo chini ya kidevu, kama alivyomfunga wake kila asubuhi ya shule. Akamshika mashavu. Akamtazama machoni, maana alijua asipomtazama hataaminiwa.

"Cecily, sikiliza. Kaa hapa. Ungoje. Nitarudi, nitakuita."

"Kweli?"

"Kweli."

"Ahadi?"

Ahadi ni deni. Nora alilijua hilo kama mnavyolijua ninyi.

"Ahadi," akasema.

Mtoto akaingia kwenye lile bonde la tuta, akakaa, akakusanya magoti chini ya shali. Mtiifu. Nora akageuka akaanza kuteremka. Hakugeuka nyuma. Chini getini Wilf alikuwa amefika, amesikia habari kwa mama yake, anapiga kengele kama mwendawazimu. Katikati ya mlio ule, mkono mdogo ukaingia kwenye mkono wa Nora. Ulikuwa wa moto.

"Mama, ulinisahau?" Tilly aliuliza. Miguuni alikuwa na soksi tu.

Nora alimnyakua akakimbia. Na nyuma yake, juu kule, kwa upole kabisa, akasikia, "Usikawie."

Tilly alipona. Alilala siku kadhaa, akaamka, akaomba keki. Hakukumbuka ila giza, na mtu mmoja aliyemsogezea nafasi.

Nora ndiye hakupona. Alitengeneza mkate, alikama ng'ombe, alicheka pale panapochekwa. Lakini jioni alisimama mlango wa nyuma na mkono wa kulia akiukandakanda kama mtu mwenye ganzi. Wilf alimwambia, "Mke wangu, ulimwokoa mtoto wetu. Ungefanya nini kingine?"

"Najua," alijibu. "Hata yule baba wa kwanza, nadhani aliambiwa hivyo hivyo."

Kila mwaka theluji ya kwanza ikianguka, asubuhi walikuta nyayo. Ndogo, za miguu mitupu. Zilitoka kwenye matuta, zikateremka malisho yote, zikafika getini, zikaishia hapo, vidole vikielekea nyumbani. Geti halikuwa na kufuli. Nora aliweka mkate juu ya nguzo, ukabaki ulivyo. Hakuambiwa ale. Aliambiwa angoje.

Miaka ikaenda. Bi Keziah akazikwa, kisha Wilf. Tilly akaolewa Nottingham, akawa Bibi Garbutt, na Nora akashukuru Mungu kwa jina hilo. Kondoo wakauzwa. Mwenye jina la Wenderby akabaki mmoja tu katika nyumba ile, naye hakuzaliwa nalo.

Mara ya mwisho alimpigia Tilly simu jioni, sauti imetulia kuliko Tilly alivyowahi kuisikia.

"Theluji imeanza huku, mwanangu."

"Funga madirisha, Mama. Jumamosi nakuja nikuchukue, utake usitake."

"Tilly, unajua siku niliyoingia kwenye ukoo huu?"

"Siku ya harusi, si ndiyo?"

"Hapana. Siku ile kule mlimani. Harusini nilipewa jina tu. Kule ndiko nilikolistahili. Nimechoka nalo. Wewe umeshakuwa mtu mzima, huitwi tena mlimani. Hakuna wa kuchukuliwa ila mimi."

"Mama, usifanye upuuzi. Mama? Umenisikia?"

"Nakupenda. Umekula?"

"Nimekula."

"Vizuri," alisema, akakata simu.

Tilly aliendesha gari asubuhi barafu ikiwa bado barabarani. Jirani alikuwa ametangulia. Alisema jioni ile alisikia sauti ya Bi Nora ikiita, kali, ya mama aliyekasirishwa na mtoto, akashangaa anamwita nani.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, theluji imeingia mpaka kwenye mkeka. Nora alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko, amekufa, kichwa kimeinama upande mmoja, mikono imezunguka mapajani kama ya mtu aliyepakata. Mezani palikuwa na sahani mbili. Zote zilikuwa tupu, na moja ilikuwa imelambwa.

Tilly aliona msumari wa ukutani, ule ambao yeye tangu utoto wake aliuona mtupu. Ulikuwa na shali ya kijivu, ya sufu, fundo bado limefungwa la kukaa chini ya kidevu. Ilikuwa imelowa. Ilikuwa bado inadondosha maji.

Akatoka nje. Geti lilikuwa wazi. Nyayo ndogo zilivuka geti, zikakatiza ua moja kwa moja, zikapanda ngazi, zikaingia ndani. Alizunguka nyumba nzima akilia, akitafuta. Za kutoka hazikuwepo.

Waliombeba mama yake walipomaliza, jirani alimpa ufunguo. Tilly alisimama kizingitini nao mkononi, akauvuta mlango karibu ufungike. Ndani, upande wa jiko, kitu kikavuta pumzi kwa hofu.

Aliuachia. Akaufungua mpaka mwisho, akauzuia kwa jiwe, akaenda zake na ufunguo mfukoni. Nyumba ile hajaiuza, wala hataki iuzwe. Kila nikimuuliza kwa nini mvua na theluji viingie humo bure, hunijibu jambo moja tu: kwamba mtoto yule alishafungiwa mlango mara moja, na yeye siye atakayeufunga tena.